Safu ya Waliopo

Kilosa, 10 Machi 2024

Mdogo wangu Winfrida,

Nakusalimu wewe, shemeji Gervasi na watoto. Mama msalimie kwa sauti kubwa ili asikie. Sisi huku tuko hai. Mvua imekuwa mbaya, udongo unang'ang'ania buti mpaka mtu anatembea kama ana mtoto kwenye kila mguu. Tumepata nyapara mpya, mtu wa pwani. Ameambiwa sisi Waha asubuhi tunasalimiana "mwakeye", basi anatuita "mwakeye" hata jua likizama, anadhani anatutania. Tunamwitikia tu. Mkonge haujali salamu.

Barua hii anayo Feliksi, yule mwenzangu wa kambini anayetoka Ilagala, anarudi nyumbani kwa treni. Ataiacha dukani kwa Jeremia pale Gungu. Nimeandika kwa sababu simu ya huko kwenu naijua. Mpaka mtu apande juu mwambani ndipo apate mtandao, na pale mwambani wapo watu kumi wamekaa wanasikiliza. Neno langu la leo si la watu kumi.

Ni la Diana. Mwanangu amemaliza chuo cha uuguzi, ana cheti, ana leseni, na huu ni mwaka wa pili anafanya kazi kwenye zahanati yenu ya Nyamsanze bila mshahara. Wanaita kujitolea. Mimi nikikata mkonge siku moja bila malipo wananiita mwendawazimu. Kila akiuliza wilayani anaambiwa ikama ya Nyamsanze imejaa, yaani wauguzi wanaotakiwa wametimia. Imejaa nani? Mwaka jana nilipokuja kumzika baba mkubwa nilikaa na mama kwenye benchi lenu toka asubuhi mpaka saa nane mchana, na aliyetuhudumia ni mwanangu peke yake, anakimbia huku na huku kama kuku aliyeona mwewe.

Hapa kambini kuna karani mzee, Samson, aliwahi kuwa ofisi ya utumishi kabla ya kustaafu. Ameniambia, "Dismasi, usiombe nafasi. Onyesha pengo. Anayeomba nafasi ni ombaomba, anayeonyesha pengo ni mwananchi."

Basi nakuomba wewe. Ni mhudumu wa pale tangu kuta hazijapigwa rangi, funguo unashika wewe, kitabu cha mahudhurio unashika wewe. Chukua daftari uniandikie muuguzi gani alikuja, alikaa muda gani, aliondoka kwa nini. Usipambe. Mimi ni wa darasa la tano, nataka nielewe.

Kaka yako,
Dismasi


Nyamsanze, 2 Mei 2024

Kaka Dismasi, shikamoo.

Barua yako imekaa kwa Jeremia wiki tatu, kaiwekea betri ya pikipiki juu yake. Huku wote wazima. Mama miguu inamsumbua, na anauliza kila siku huo mkonge unaliwa na mboga gani, maana hakubali kwamba mwanawe ametumikia miaka kumi na saba kitu kisicholiwa. Ziwa litafungwa tarehe kumi na tano, miezi mitatu hakuna kuvua. Gervasi anashona nyavu amenuna, kama vile mimi ndiye ninayelifunga.

Daftari nimeandika, na kurasa nimezinakili humu. Ubao wetu wa ukutani una nafasi tatu za wauguzi.

Ya kwanza ni ya Elikana, ambaye ndiye mfawidhi, mkubwa wa kituo. Huyo yupo kweli. Ila wiki moja yuko Kigoma kupeleka taarifa, wiki ya pili yuko Kigoma kwenye semina ya namna ya kuandika taarifa.

Ya pili ni ya Leonia. Yuko masomoni kwa ruhusa, mwaka wa pili na miezi saba. Kiti ni chake mpaka arudi.

Ya tatu ndiyo imepitiwa na wengi. Kwanza alikuwa Japhet, kijana wa Singida. Alitapika ndani ya mashua toka Ilagala mpaka hapa, akashuka anasema, "Mama, kwani hakuna barabara?" Nikamwambia barabara ipo, ila imejaa maji. Alikaa miezi kumi na moja na siku kumi na tisa. Akapata mtu wa kubadilishana naye kituo, Selina wa Tabora. Japhet akaondoka kwa furaha, akaniachia godoro. Selina akafika, akaangalia nyumba ya muuguzi, akaangalia popo darini, akauliza mashua inarudi saa ngapi. Huyo alikaa siku nne. Nafasi ikawa wazi mwaka mzima na mwezi mmoja, ndipo akaletwa Asnath kutoka Mwanza.

Asnath ametoka kidogo.

Diana nimemwandika ukurasa wa nyuma ili uone sifa ya mwanao. Tangu aanze amezalisha wanawake sitini na mmoja, hakufa hata mmoja. Tarehe na majina yao yote yapo. Wavuvi wanamwita Daktari Mdogo, naye anawakatalia, anasema atakuja kufungwa kwa jina hilo.

Mdogo wako,
Winfrida


Kilosa, 9 Juni 2024

Winfrida,

Nimefurahi kusikia mama yupo. Mwambie mkonge unaliwa na matajiri. Mwandiko wangu ukiuona umepinda usijali, meza ni mbovu. Sikati tena, wamenipa palizi. Ni mabadiliko ya kawaida.

Samson amesoma kurasa zako mara mbili. Amesema una akili kuliko makarani aliowahi kuwaongoza. Halafu akaweka kidole mahali pamoja.

Wa Singida umemhesabia mpaka siku kumi na tisa. Wa Tabora umemhesabia siku nne. Hata nafasi ilipokaa bila mtu umeihesabia mwezi. Ukifika kwa Asnath unaandika "ametoka kidogo", basi. Hakuna tarehe ya kuja wala ya kutoka. Kidogo ni kiasi gani? Ameenda kisimani au ameenda Ulaya?

Samson anasema hivi: kama Asnath yupo, Diana hana cha kuomba Nyamsanze, afunge mizigo. Kama Asnath hayupo, pengo ndilo hilo, na kuna mtu analiziba kwa karatasi. Mimi nakujua tangu unabebwa mgongoni. Ukiwa na jambo unaongea maneno mengi juu ya mengine. Umenieleza habari za popo, Winfrida. Mimi sikuuliza habari za popo.

Dismasi


Nyamsanze, 25 Agosti 2024

Kaka Dismasi, shikamoo.

Sikujibu kwa sababu sikutaka. Mama aliugua Julai, amepona. Ziwa limefunguliwa, migebuka imerudi nyavuni, watu wamekumbuka kucheka. Feliksi, aliyerudi tena toka kambini mwezi wa sita, kapita hapa wiki iliyopita, kakaa na Gervasi wakinywa chai, na bila kujua kwamba sijui akauliza, "Kaka yako jicho linaendeleaje?" Jicho gani? Mbona wewe unayenihesabia maneno hukuniambia?

Sasa sikiliza. Asnath aliondoka tarehe 14 Novemba 2022. Mtoto wake ana selimundu, na kila damu ikimwishia ilikuwa tumbebe kwa mashua mpaka Ilagala, halafu gari mpaka Kigoma, amefika hapumui. Akaomba kuhamia Mwanza penye hospitali kubwa na mama yake. Akaomba mara tatu. Mara tatu akajibiwa asubiri mpaka apatikane wa kuziba nafasi yake. Nani aje kuziba nafasi hapa? Umemsikia Selina. Siku mtoto alipozimia mara ya pili, Asnath hakuomba tena. Alipanda mashua.

Akijulikana hayupo, ni mtoro, kazi inakwisha, na matibabu ya mtoto yanakwisha. Kwa hiyo kila asubuhi nikishafungua mlango nasaini. Yangu kwanza, halafu ya kwake. Najua mkia wa herufi yake kuliko yangu. Elikana anaona na haoni. Mwisho wa mwezi anaandika wilayani, kwenye safu ya waliopo, wauguzi wawili, na mmoja masomoni. Imejaa.

Utaniuliza kwa nini. Nilipomzaa Bariki damu ilikataa kukata. Ulikuwa huko huko kwenye mkonge wako, ukaambiwa nimejifungua salama. Asnath alinikandamiza tumbo kwa ngumi ndani ya mashua mpaka Ilagala, saa tatu nzima, wanaume wanapiga kasia kwa sababu injini ilikuwa imegoma. Hakubadilisha mkono. Tulipofika walimkunjua vidole mmoja mmoja.

Wakati naanza kusaini Diana alikuwa bado chuoni. Sikujua kwamba nafasi ninayoifunga ni ya mtoto wetu. Nimekuja kujua, na nimeendelea. Yeye hajui. Tunakula sahani moja, ananiita shangazi, na asubuhi nanyanyua kalamu.

Sema wewe, kaka. Nimtoe yule au nimnyime huyu?

Winfrida


Kilosa, 12 Septemba 2024

Winfrida,

Acha kusaini.

Jicho la kushoto limekwenda, tangu Aprili. Ni ncha ya jani la mkonge, nilikuwa nimeinama kufunga tita. Sikusema kwa sababu kusema hakurudishi. Nilipelekwa zahanati ya kijiji cha jirani. Ubaoni kulikuwa na majina ya wauguzi watatu, yameandikwa vizuri sana. Nikaambiwa wawili wako likizo, na wa tatu ametoka kidogo. Nilikaa kwenye benchi siku mbili nimeshika kitambaa, namsubiri aliyetoka kidogo. Siku ya tatu waliponipeleka mjini, daktari akasema mngekuja juzi.

Labda naye ana mtoto mgonjwa. Labda naye ana mtu mwema anayemsainia kila asubuhi. Simchukii. Ila jicho lilikuwa langu.

Asnath alikufaa, nami namshukuru, kweli namshukuru. Lakini palizi hailishi watu watano, na jicho la kulia nalo limeanza kuona ukungu. Diana asipopata kazi mwaka huu, mimi sina mwaka mwingine.

Dismasi


Nyamsanze, 20 Januari 2025

Kaka Dismasi, shikamoo na pole, pole tena.

Mama hatujamwambia habari ya jicho. Anasema amekuota umefunga kitambaa cheupe kichwani, anafurahi, anadhani utaoa tena.

Niliacha tarehe mosi Oktoba. Nikasaini yangu nikafunga kitabu. Elikana akaja. "Mama Bariki, umesahau mstari."

"Sijasahau."

"Basi weka."

"Weka wewe."

Akachukua kalamu, akaweka. Vibaya hata. Mkia wa herufi haukufanana. Hivyo hivyo mwezi mzima. Nikaona kuacha kwangu hakuonyeshi pengo lolote, ni mkono tu umebadilika. Novemba nikabeba daftari, nikapanda mashua, nikaenda wilayani.

Walinipokea vizuri. Mama mmoja afisa alinipa kiti na maji. Akasoma ukurasa kwa ukurasa, akasema, "Hii ndiyo taarifa tunayoitafuta miaka yote." Kaka, nilijisikia mtu. Nikamfungulia na ukurasa wa nyuma, wa Diana, ili asimsahau. Nilikuwa nimeuandika upya kwa kalamu nyekundu.

Wiki mbili baadaye walifika watatu, wamevaa maboya. Waliulizia kila kitu. Asnath hayupo, ndiyo, hayupo. Halafu yule mama akafungua ukurasa wa kalamu nyekundu akauliza, "Huyu Diana yuko safu ipi?"

Elikana akasema hayupo kwenye safu yoyote.

"Sasa amezalisha wanawake sabini na wanne akiwa nani?"

Leseni anayo, ila kibali cha kujitolea hakuwa nacho. Elikana alikuwa amemkubali kwa mdomo, na mimi sikujua kwamba kunahitajika karatasi kwa mtu kufanya kazi bure. Wakamkuta chumba cha kuzalishia ana mtu mkononi. Wakamsubiri amalize, kwa heshima kabisa. Mtoto akalia, wakamwambia avue glavu aende nyumbani.

Mimi ndiye niliyewaandikia majina na tarehe, kaka. Nilifikiri ni sifa, kumbe nilikuwa nampeleleza.

Asnath amefutwa kazi. Elikana ameandikiwa barua ya kujieleza, haongei nami isipokuwa kuomba funguo. Mimi nimepewa onyo la maandishi, na nimeshukuru, ningeweza kufungwa. Sasa taarifa ya Nyamsanze ni safi, pengo linaonekana mpaka Dodoma. Muuguzi ni Elikana peke yake, na akienda Kigoma ninabaki mimi na ufagio. Wajawazito wanapelekwa Ilagala. Mwezi uliopita mmoja alijifungulia njiani. Mtoto mzima, mama bado kalazwa Kigoma.

Nikipita mwaloni kwenye mashua, wanaume wanasema, "Huyo anapita, mhesabu watu! Mama, leo tuko wangapi?" Zamani ningewajibu. Sasa napita.

Asnath alipiga simu Desemba. Nilikuwa mwambani, watu wamekaa. Alisema, "Barua nimeipata. Bariki hajambo?" Nikasema hajambo. Akasema, "Haya." Sikuuliza habari ya mtoto wake. Niliogopa kujibiwa.

Winfrida


Nyamsanze, 28 Mei 2025

Kaka Dismasi, shikamoo.

Naandika haraka, mashua inaondoka. Mambo mawili.

Pengo limezibwa. Ameletwa kijana wa Songea, Fabian, mpole, anajua kazi. Siku ya kwanza aliipiga picha nyumba ya muuguzi kutoka pande zote. Siku ya pili alipanda mwambani, nikamsikia akimwambia mtu, "Nitafutie wa kubadilishana naye, popote, hata Katavi."

Na Diana ajira imetoka. Ni ajira ya serikali, ya kweli, ina barua. Mama amepiga vigelegele mpaka akakaa chini. Amepangiwa Newala, huko mwisho wa kusini. Nimetazama kwenye ramani ya shule ya Bariki, nikapima kwa kidole. Kutoka hapa hakuna pa mbali zaidi isipokuwa baharini. Kijana wa kusini kaletwa ziwani, msichana wa ziwani kapelekwa kusini. Aliyepanga hivyo sijui ana wazazi.

Anapanda treni mwezi ujao. Itapita Kilosa mchana. Nenda stesheni. Habari za jicho sijamwambia, umwambie mwenyewe. Na za Asnath sijamwambia vilevile.

Winfrida


Kilosa, 6 Julai 2025

Mdogo wangu Winfrida,

Nawasalimu wote, na Gervasi, na Bariki mwenye ramani. Mawese nimeyapata, na dagaa, na shati alilonishonea mama, linabana kwapani lakini navaa.

Treni ilichelewa saa tano. Aliposhuka Diana hakuniamkia kwanza. Alinifunua kope kwa kidole gumba, akatazama, akafunua na lile la pili, akatazama muda mrefu zaidi. Ndipo akasema, "Shikamoo baba. Nani alikuhudumia?" Nikasema hapakuwa na mtu. Akafunga begi lake, akalifungua tena, akanipa dawa ya matone, akanieleza namna ya kuitumia kama mtu anayesoma amri. Amekuwa mkubwa. Nilimwona kwa jicho moja lakini nilimwona.

Aliniambia kituo chake kipya ubaoni kina wauguzi wanne, na aliyemkaribisha kwa simu yuko peke yake. Aliniambia pia kwamba amesikia Asnath aliacha kazi mwenyewe, amempata mume tajiri Mwanza. Amefurahi kwa ajili yake. Nilinyamaza. Wewe nawe nyamaza. Nilikuagiza mimi, na nikiagizwa tena kesho kuchagua, nitachagua vilevile, na sitalala vizuri vilevile.

Halafu honi ikalia. Alikuwa amekwisha kuweka mguu kwenye ngazi. Akageuka akaniuliza, "Baba, nikae kule muda gani?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelitengeneza tangu asubuhi, nimekaa pale stesheni. Nilitaka kumwambia kwamba Newala nako wanawake wanazaa, na kuna mtu kwenye benchi ameshika kitambaa, akae mpaka mvi. Lilifika mpaka kwenye meno.

Nikamwambia, "Mpaka wakuthibitishe kazini. Halafu tafuta mtu wa kubadilishana naye."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekwishajua, akaingia ndani.

Kaka yako,
Dismasi